Stika za Nyumba ya Baba

Kazini walimwita Mtia Macho, na jina hilo alilibeba bila kulikataa wala kulifurahia. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda ngazi pamoja na wateja. Wenzake walitengeneza programu za simu kwa watu wenye mahitaji yao maalumu: mwenye maghala, mwenye zahanati, mwenye kampuni ya ulinzi. Wakishamaliza mwili wa programu, waliileta mezani kwake ikiwa kipofu, kiziwi na bubu. Yeye ndiye aliyeitia kamera, akaifundisha kusoma zile stika zenye vijiraba vyeusi na vyeupe, akaipa sauti, kisha akaipa mamlaka juu ya simu yenyewe: iwashe tochi, itetemeke, ikatae kufungwa na mlinzi anayetaka kutazama mpira akiwa zamu.

Wateja wakija husema wanataka kitu kidogo tu. Kitu kidogo tu, maana yake kamera ifunguke yenyewe na kusoma stika iliyochanika, kwenye kona yenye giza, kwa simu iliyopasuka kioo, mkononi mwa mtu aliyevaa glavu. Zamani Mtia Macho angewatania kwamba wanataka simu ifue na kupiga pasi, nao wangecheka, na kazi ingeanza vizuri. Siku hizi alisema "sawa" akageukia skrini yake.

Zamani hiyo iliishia pale mama yake alipofariki. Mama aliugua kwa muda mfupi, akaondoka, akazikwa, na waombolezaji wakarudi makwao. Binti hakulia. Alikisubiri kilio kama mtu anayesubiri chafya, kikakataa, naye akaacha kukisubiri. Tangu hapo alikuwa amekufa ganzi. Chakula alikila kwa sababu saa ya kula imefika, na utani aliuelewa vizuri sana lakini haukumgusa popote. Majirani walimsifu kwamba amejikaza. Sifa za kijinga, ukiniuliza mimi, kwa sababu hakuwa amejikaza hata kidogo. Hakukuwa na kitu cha kukaza.

Alibaki na baba. Huyu mji mzima ulimwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha udereva mpaka nywele zikawa nyeupe. Nusu ya madereva wa mjini walipita mikononi mwake, na nusu iliyobaki, alivyopenda kusema mwenyewe, ndiyo inayogonga watu. Alikuwa mzee mcheshi, mwenye maneno, na ndiye aliyempa binti yake jina la "bibie" tangu binti akiwa wa kubebwa. Sasa akili ilikuwa inamtoka polepole. Alianza kwa kusahau miwani, jambo la kila mtu, akaja kusahau choo kiko wapi katika nyumba aliyoisimamia tofali kwa tofali. Alifungua kabati la vyombo akitafuta shati. Asubuhi moja alisimama sebuleni akamuuliza dada yake, kwa adabu zote, kama hapa ndipo mapokezi.

Dada yake huyo, yaani shangazi wa Mtia Macho, alihamia pale na sanduku moja na mdomo wa watu watatu. Alikaa na kaka yake mchana, binti alipokuwa kazini. Wote wawili walimpeleka kwa daktari, na daktari hakuwaficha. Alisema ugonjwa huo haurudi nyuma, mgonjwa husindikizwa tu, na mwisho wa yote huanza kupotea hata sura za watu wa karibu. Shangazi alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Binti aliuliza maswali mazuri, akashukuru, akafunga mlango taratibu. Lakini katika ganzi ile yote, hapo ndipo alipobakiwa na sehemu inayouma. Akajua kwamba duniani anataka jambo moja tu, nalo ni baba yake asimsahau yeye.

Dawa, au alichodhani ni dawa, aliipata kwenye ghala la mteja. Alikwenda kujaribu programu mpya, na mtunza ghala, mwanamume mnene asiyeishiwa maneno, akamtembeza katikati ya rafu. Alielekeza simu kwenye boksi, simu ikatetemeka, ikataja kwa sauti: sabuni ya unga, rafu ya chini. Akaelekeza kwenye boksi jingine, ikataja. Kisha wakafika kwenye mzigo mmoja mkubwa uliozibia njia, naye akaupita kama haupo.

"Na huo?" Mtia Macho aliuliza.

"Huo hauna stika, dada. Hapa kwetu kisicho na stika hakipo, hata kama umekikalia."

Alirudi ofisini akiwa na wazo lililokamilika. Alichukua simu kuukuu ya kazi, akatengeneza programu ya mtu mmoja. Baba akiinua simu, kamera ifunguke yenyewe. Akiielekeza kwenye stika, simu itetemeke kidogo ajue imeshika, kisha sauti ya binti yake imwambie anachokitazama. Kwenye korido yenye giza tochi iwake bila kuombwa. Vitufe vya sauti alivinyamazisha, kwa sababu alimjua mzee, angevibonyeza kwa kidole gumba na kuibana sauti mpaka iishe. Akaifungia simu ndani ya programu hiyo moja ili mzee asije akazurura kwenye mipangilio na kupotelea huko pia. Mwishoni simu ikauliza kama inaruhusiwa kutumia kamera na kurekodi sauti. Swali hilo alipaswa kulijibu mzee. Alibonyeza "ruhusu" kwa niaba yake, wala hakufikiri mara mbili.

Sauti ndiyo iliyomsumbua. Alijifungia kwenye chumba kidogo cha kuwekea makoti, mahali pasipo mwangwi, akasoma: huu ni mlango wa choo, hili ni birika, hii ni droo ya soksi. Mwenzake wa meza ya jirani, yule anayechora skrini, alisikiliza kidogo akavua spika za masikioni.

"Dada yangu, hii ni sauti ya kutangaza msiba. Mzee ataogopa kuingia chooni."

Hakukasirika. Alisikiliza tena mwenyewe, akakubali kwamba sauti ni kavu, akaanza kutafuta nyingine. Kwenye simu yake ya zamani alikuta video aliyopigwa na mama. Yeye mwenyewe yuko jikoni, anamuigiza baba akimfundisha mtu kurudi nyuma, "taratibu, taratibu, huo ni ukuta si rafiki yako," kisha anacheka mpaka anashika meza. Aliitazama video ile mara nyingi kama anavyotazama kifaa ambacho lazima akitengenezee pacha. Pale sauti inapopanda, pale inapovuta neno. Akarudi kwenye makoti, akaunyoosha uso utabasamu, kwa kuwa tabasamu husikika kwenye spika hata likiwa la kulazimisha, akajiigiza. Mwenzake safari hii alicheka. "Huyo sasa," alisema. "Huyo tulimkosa."

Basi nyumba ikabandikwa stika. Milango, friji, birika, droo, kitanda, kiti cha mzee, swichi za taa, hata mswaki. Shangazi alizunguka nyuma yake akilalamika kwamba sasa wanaishi dukani na kwamba asishangae siku moja akija mtu kuuliza bei yake yeye. Baba naye aligoma mwanzoni.

"Mimi si keshia," alisema.

"Jaribu kimoja tu, baba."

Alielekeza simu kwenye birika. Ikatetemeka. "Hili ni birika, baba," sauti ikasema, changamfu, na kicheko kikichungulia ndani yake. "Tia maji kwanza, usije ukaliunguza kama lile la mwaka jana."

Mzee aliangua kicheko. "Bibie kaingiaje humu?" aliuliza akiigeuza simu kutazama mgongo wake. Kisha akaenda kwenye friji, akaenda kwenye droo, akaenda mpaka kwenye mswaki. Shangazi alisahau kulalamika. Binti aliwatazama akajua kwamba hapa mtu mwingine angefurahi.

Picha ya mama ilileta ubishi. Ilitundikwa ukutani karibu na meza ya kulia, naye akaibandika stika kama kila kitu, na maelezo yake yalikuwa sahihi: huyu ni mke wako, alifariki. Shangazi alipoyasikia alisimama wima.

"Utamfisha mke wake kila akipita hapa?"

"Ndiyo ukweli, shangazi."

"Ukweli haubandikwi ukutani, mwanangu. Badilisha."

Alibadilisha. Sasa simu ilisema huyu ni mke wako, mmeishi pamoja miaka mingi, na anapenda ukimwimbia vibaya. Mzee akipita aliielekeza, akasikiliza, akaitazama picha. "Mzuri," alisema mara nyingi. Siku nyingine aliimba kidogo, na vibaya kweli.

Mambo yakatulia. Mzee alioga bila kugombana na mtu, alivaa shati badala ya kitambaa cha meza, alipata choo kwa wakati. Shangazi alimsimulia kila jioni. "Wanaongea mchana kutwa hao wawili," alisema. "Anaiambia asante, bibie. Anaiuliza umekula, bibie. Isipojibu anaigeuzia mlangoni, mlango unajibu, anaridhika. Leo kaipeleka dirishani ione mvua."

"Vizuri," alisema Mtia Macho.

Yeye akifika jioni alikuwa amechoka, na alichosema kilikuwa kilekile. Shikamoo, baba. Umekula? Dawa umemeza? Maneno yalitoka moja baada ya jingine, makavu, kama mtu anayesoma namba za mita. Kwanza mzee alijibu "marahaba, bibie." Baadaye akawa anajibu "marahaba, mwanangu," neno ambalo mzee humwambia kijana yeyote barabarani. Baadaye tena ikawa "marahaba, karibu," na mara akasogea kwenye kochi kumpisha, kama anavyopishwa mgeni ambaye hujui atakaa muda gani.

Aliona. Kwa kazi yake hakuna kinachompita, na hili alilipokea kama anavyopokea taarifa ya hitilafu kutoka kwa mteja. Akafikiri: mwanga. Sebule ina mwanga hafifu, mzee haoni uso vizuri. Akanunua balbu kali zaidi. Baadaye akafikiri ni miwani, akampeleka akapimwe, akapewa mpya. Jamani, hapo ningeweza ningemshika mabega nimtikise. Lakini mtu aliyezoea kurekebisha macho ya vitu hutafuta kosa kwenye macho.

Shangazi hakuwa na subira ya kutafuta. Jioni moja alimfuata jikoni akafunga mlango.

"Ongea naye," alisema. "Ongea naye ulivyoongea humo kwenye simu."

"Ile ni kazi, shangazi. Nilirekodi."

"Na hii ni nini?"

Mtia Macho alifungua bomba, akasuuza kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Alitaka kusema kwamba sauti ile si yake tena, kwamba ameitafuta na hajui ilipo, na kwamba hata kuitafuta hakumtii uchungu, na hilo ndilo linalomtisha. Alisema, "Nitajaribu." Shangazi akachukua kikombe mkononi mwake, akakipanga kabatini.

Alijaribu kweli. Kesho yake aliingia akatabasamu mlangoni, akapandisha sauti, "Shikamoo, baba!" Mzee alishtuka, akamtazama shangazi kuuliza kwa macho huyu ni nani anayewapigia kelele. Hakujaribu tena wiki ile.

Jumamosi alasiri shangazi alitoka kwenda kusuka nywele, na Mtia Macho akabaki na baba peke yao. Alikuwa amerudi na mifuko ya sokoni, akaiweka chini, akavua viatu. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, simu mkononi. Alimtazama akiingia. Halafu akainuka polepole, akainua simu, akamwelekezea.

Alianza usoni. Akashuka kifuani, akaenda bega la kulia, bega la kushoto, akashuka tumboni, mikononi, mpaka miguuni. Alikuwa mtulivu, kama alivyokuwa akikagua gari kabla ya kumruhusu mwanafunzi kuwasha. Simu haikutetemeka. Akamzunguka, akatafuta mgongoni. Mtia Macho alisimama katikati ya mifuko, bila kujigeuza, akihisi simu ikimpita shingoni. Nyumba nzima aliibandika, mpaka mswaki. Kujibandika yeye mwenyewe hakukumjia akilini hata mara moja.

"Huna," mzee alisema, akirudi mbele. Alionekana kumwonea huruma. "Samahani, mama. Binti yangu ndiye anayeniambia vitu vya humu ndani. Wewe hajakuweka."

"Baba, ni mimi."

"Kila anayegonga mlango husema ni mimi," mzee alijibu, na kwa kuwa lilikuwa jibu zuri, akatabasamu kidogo.

"Mimi binti yako."

Mzee alitikisa kichwa kwa upole, akamwonyesha simu. "Binti yangu ni huyu. Hana sauti ya hivyo. Wewe una sauti ya mtu aliyechoka. Kaa kama umechoka."

Hakukaa. Alipeleka mifuko jikoni, akapanga vitunguu mahali pa vitunguu na sabuni mahali pa sabuni. Mikono ilifanya kazi vizuri. Kitu kilikuwa kinamgonga kutoka ndani, mbali sana, kama jirani anayegonga ukuta wa nyumba ya tatu. Mtu mwingine angeenda kumkumbatia mzee, hata kama angesukumwa. Yeye alifanya alichojua kufanya. Alitoa kompyuta kwenye begi, akatoa kichapishi kidogo alichochapia stika za nyumba, akachapa moja. Kisha akaishika simu yake karibu na mdomo ili arekodi.

Mara ya kwanza ilitoka sauti ya mita. Akafuta. Mara ya pili alinyoosha uso utabasamu, ikatoka sauti ya tangazo la sabuni. Akafuta. Aliitafuta ile video, akakumbuka iko kwenye simu ya zamani, na simu ya zamani iko ofisini. Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Dirishani waliguna njiwa, na sebuleni alimsikia mzee akiuliza picha ya mama, na picha ikamjibu kwa ile sauti changamfu kwamba anapenda ukimwimbia vibaya. Mzee akaanza kuimba. Alianza juu mno, akakwama, akarudia mwanzo kama gari lililozimika kwenye mlima.

Mtia Macho alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kilichomponyoka puani, na kabla hakijaisha alibonyeza kitufe na kusema maneno yake upesi, kama mtu anayepita mlango kabla haujafungwa. Akasikiliza. Ilikuwa yenyewe. Akatuma sauti ile kwenye simu ya baba. Akabandika stika kifuani, upande wa kushoto, akailainisha pembe kwa kidole.

Akatoka sebuleni, akasimama mbele ya mzee palipo na mwanga.

"Jaribu tena, baba."

Mzee aliacha kuimba. Aliinua simu, akaisogeza, ikatetemeka mkononi mwake, na uso wake ukachangamka.

"Baba, huyu ni mimi," sauti ikasema, na masalia ya kile kicheko yamo ndani yake. "Binti yako. Nimesimama hapa mbele yako."

Mzee aliisikiliza mpaka mwisho. Akaielekeza tena, akasikiliza tena, kichwa kikiwa upande. Kisha akamtazama yule mwanamke mwenye stika kwa muda mrefu, macho, mdomo, nywele, na Mtia Macho akaona kwamba anatazama kwa moyo wote, kwamba anajitahidi.

"Kumbe anakujua," mzee alisema.

Aliishusha simu. Wasiwasi ulikuwa umemtoka kabisa. Alimshika mkono, akamwongoza mpaka kwenye kochi, akampangusia mto vumbi kwa kiganja, akamketisha, kisha naye akaketi karibu, akiwa na furaha ya mtu aliyepata mwenzi wa maongezi.

"Karibu sana. Mtu anayejulikana na binti yangu ni mtu wa hapa." Akainama kidogo kumnong'oneza. "Hukawia kazini, unajua. Lakini hurudi. Akirudi utamsikia tu, anacheka tangu getini."

Mtia Macho alihisi machozi yakimshuka, ya kwanza tangu msiba, na hakuyafuta. Alikuwa na hamu ya kumwona tena binti yule kuliko hata mzee mwenyewe.

"Haya, mzee," alisema. "Tumsubiri."